Gari Linalozima Kila Linaposimama: Uchunguzi Uanzie Wapi?

Kila kiangazi kinapofika, karakana yetu ya mafunzo hapa Dodoma hupokea magari mengi yenye lalamiko moja: gari linakwenda vizuri barabarani, lakini likikaribia taa za barabarani au kipilefti na dereva akaachia mafuta, injini hushuka, hutetemeka kidogo, kisha huzima. Kwa kuwa huwaka tena papo hapo, wenye magari hulivumilia tatizo hili kwa wiki nyingi, nami ningewasihi wasilivumilie hata siku moja. Injini ikizima, usukani wa magari mengi huwa mzito, na busta ya breki, yaani kifaa kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kukuongezea nguvu ya breki, hubaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Gari likikuzimia likiwa bado linatembea, usipige breki mara kwa mara. Kanyaga na ushikilie, weka gia huru, washa taa za hatari, na usirudishe ufunguo hadi mahali ambapo usukani hujifunga.

Mafundi wetu huita sailensi ule mzunguko wa injini wakati mguu haupo kwenye mafuta, ambao kwa magari mengi madogo huwa kati ya mara 600 na 850 kwa dakika injini ikishapata joto. Katika hali hiyo kilango cha throto, kinachofungua na kufunga njia ya hewa ya injini, huwa kimekaribia kufunga kabisa, na injini huvuta hewa kupitia upenyo mwembamba au njia ndogo ya pembeni. Kompyuta ya gari hukadiria hewa hiyo na kuipimia petroli, kwa uwiano wa takribani kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Hewa ikipungua, au ikiingia nyingine ambayo haikupimwa, injini iliyo kwenye sailensi haina nguvu ya ziada ya kuhimili kosa hilo. Kwenye mwendo hewa ni nyingi, na kasoro ileile haionekani.

Kwa hiyo mimi huanza na njia ya hewa. Magari yanayozunguka kwenye barabara za vumbi za Bahi, Chamwino na Chemba huziba chujio la hewa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema, na chujio lililopulizwa kwa upepo wa kompresa mara nyingi huchanika bila mtu kugundua. Vumbi laini hupita, hukaa juu ya waya wa sensa inayopima hewa inayoingia, na sensa hiyo huanza kusoma hewa pungufu. Vumbi hilohilo, likichanganyika na mvuke wa oili unaorudi kutoka kwenye injini, hujenga utando mweusi kuzunguka ukingo wa kilango cha throto. Ukiufuta kwa kitambaa cheupe utaona alama nyeusi yenye umbo la mwezi mchanga, mahali hasa ambapo hewa ya sailensi ilipaswa kupita. Throto isafishwe injini ikiwa imezimwa, kwa dawa yake maalumu. Na kama inaendeshwa kwa umeme, kilango kisisukumwe kwa kidole wakati swichi imewashwa, kwani gia zake ndogo huharibika. Waya wa sensa ya hewa una dawa yake tofauti na haupaswi kuguswa kwa brashi. Baada ya usafi, kompyuta za magari mengi huhitaji kufundishwa sailensi upya, na utaratibu wake hutofautiana kwa kila aina ya gari.

Wapo madereva wanaotoka Dar es Salaam wanaolaumu mwinuko wa Dodoma, ambao ni takribani mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kweli, lakini gari lenye nozeli na kompyuta hujirekebisha lenyewe. Lawama hiyo inaweza kulihusu gari la kabureta tu, linalochanganya hewa na petroli bila kompyuta.

Throto ikiwa safi na tatizo likabaki, swali muhimu ni gari linazima wakati gani hasa. Niliwahi kuletewa gari ambalo mwenyewe alikuwa ameshanunua plagi, koili na pampu ya mafuta, na bado lilizima kwenye taa. Nilimwomba aliache likinguruma, gia ikiwa huru, kisha akanyage breki taratibu. Sailensi ilishuka papo hapo, na chini ya dashibodi, karibu na kanyagio, ukasikika mlio wa hewa inayovuja. Ngozi ya ndani ya busta ilikuwa imepasuka, na kila alipokanyaga breki, injini ilinyonya hewa isiyopimwa. Dawa ilikuwa kubadilisha busta, baada ya kuhakikisha kwamba mpira wake na vali yake ya njia moja ni vizima.

Kama ni gari la gia otomatiki, nalo linazima likiwa kwenye D (gia ya kwenda mbele) lakini linabaki hai ukiweka N (gia huru) kabla ya kusimama, uchunguzi uhamie kwenye gia boksi, kwa sababu klachi ya kufungia iliyo ndani yake, inayoiunganisha na injini moja kwa moja, huenda haiachii. Likizima tu unapowasha kiyoyozi, sailensi haipandi kubeba mzigo ulioongezwa. Linalozima hata katikati ya mwendo, hasa likiwa la moto, kisha likawaka baada ya kupoa, lina ugonjwa mwingine; hapo ichunguzwe sensa ya mzunguko wa injini, kisha pampu ya mafuta.

Mashine ya kupima gari inasaidia, lakini namba inayotoka si jina la kifaa cha kununua. P0171 husema mchanganyiko una petroli kidogo kuliko inavyohitajika kwa hewa iliyopo, na chanzo chake mara nyingi ni mpira wa kupitishia hewa uliopasuka, wa bei ndogo sana. Ili kuupata, nyunyizia maji ya sabuni kwenye viungio vya njia ya hewa na usikilize kama mlio wa injini unabadilika; usitumie petroli kwa kazi hiyo, kwani injini ya moto huweza kuiwasha.

Usilichukue gari kwa sababu tu limewaka. Liendeshe hadi lipate joto, washa kiyoyozi na taa kubwa, kisha simama na kuondoka walau mara kumi mbele ya fundi, ukiangalia mshale wa mzunguko wa injini kila unapoachia mafuta.