Ufa wa milimita moja

Mimi si daktari, na kisu cha upasuaji sijawahi kukishika. Kazi yangu ni hesabu. Nachora mguu uliovunjika ndani ya kompyuta, naugawa vipande vidogo elfu kadhaa, kisha kila kipande nakiuliza: wewe wiki ijayo utakuwa nini? Kovu, gegedu (ile tishu inayonepa kama ya sikioni) au mfupa? Nyumbani nimeshindwa kulieleza jambo hili. Shangazi yangu anaamini nauza vyuma.

Nianze na hesabu isiyohitaji kompyuta. Tuseme mfupa wa goko umevunjika, umefungwa chuma, na kati ya vipande viwili umebaki ufa wa milimita 1. Mgonjwa akikanyaga, chuma kinanepa kidogo na vipande vinasogeleana nusu milimita. Si kitu, utasema. Lakini tishu iliyomo ndani ya ule ufa imebanwa asilimia 50 ya upana wake. Sasa mchukue mgonjwa wa pili: mwendo ni ule ule wa nusu milimita, ila ufa ni wa milimita 10. Huyu tishu yake imebanwa asilimia 5 tu. Kwa hiyo ule ufa mwembamba, unaopendeza kwenye eksirei, ndio unaoweza kuleta taabu chuma kikilegea.

Aliyeifanya hesabu hii kuwa chakula cha kila siku cha wapasuaji ni Stephan Perren wa Uswisi, mwishoni mwa miaka ya 1970. Hoja yake haina mafumbo: tishu haiwezi kuota mahali ambapo kunyumbuka, yaani ile asilimia ya kubanwa au kuvutwa, kunazidi kiwango cha kuichana. Tishu laini inayojaza jeraha siku za mwanzo huvumilia kunyumbuka hadi asilimia 100. Gegedu huishia kama asilimia 10. Mfupa uliokomaa, asilimia 2 hivi. Ndiyo maana mwili hauanzi na mfupa. Unaanza na kilaini, kilaini kinapunguza mwendo, gegedu linapata nafasi, nalo linapunguza tena, na mfupa unakuja mwisho, pametulia.

Na lile fundo linalovimba kuzunguka mvunjiko? Akina mama hulilalamikia sana, kwamba mguu wa mtoto umeungwa vibaya. Kwa fito ya mviringo, ukiongeza kipenyo mara mbili, nguvu yake ya kukataa kupinda inaongezeka mara 16. Mwili una tishu dhaifu mkononi, basi unaitandaza kwa upana ili ifanye kazi ya tishu ngumu. Mhandisi angefanya vivyo hivyo. Baadaye, kwa miezi au hata miaka, fundo huchongwa taratibu.

Hesabu ya Perren ina namba moja kwa ufa mzima, wakati ndani ya ufa hakuna sehemu mbili zinazofanana. Mwaka 1997 Patrick Prendergast wa Dublin na wenzake walichapisha kanuni ninayoitumia hadi leo. Waliichukulia tishu kama sponji iliyolowa: ukiibana, inapindika, na maji yaliyomo yanakimbia. Seli inahisi yote mawili. Chukua asilimia ya kupindika, gawanya kwa 3.75. Chukua kasi ya maji kwa maikromita (elfu moja hufanya milimita) kwa sekunde, gawanya kwa 3. Jumlisha. Ikizidi 3, panaota tishu ya kovu. Kati ya 1 na 3, gegedu. Chini ya 1, mfupa. Sehemu inayopindika asilimia 6 huku maji yakienda maikromita 1.5 kwa sekunde inapata 1.6 na 0.5, yaani 2.1: gegedu.

Kompyuta inafanya hivyo kwa kila kipande, inabadilisha ugumu wake, inaweka tena uzito wa mgonjwa, inakokotoa siku inayofuata. Tofauti za ugumu ni kubwa mno: tishu laini ya mwanzo huwekewa megapaskali 0.2, mfupa uliokomaa 6,000. Seli zenyewe tunaziacha zisambae kutoka kwenye uboho, misuli na utando wa mfupa, kama harufu ya udi inavyotoka chumba kimoja ikaingia kingine.

Programu yangu ya kwanza ilimponya kila mtu. Nilifurahi kwa miezi kadhaa, mpaka nikapewa picha za mguu ambao hesabu ilisema ungeunga wiki ya 16. Kwenye eksirei ya mwezi wa nane ncha za mfupa zilikuwa zimeviringika, ufa mweusi katikati. Mwendo nilikuwa nimeupata sawasawa. Nilichosahau ni damu. Ajali ilikuwa imechana ngozi na misuli pamoja na mishipa yake, na pasipo oksijeni gegedu halivuki kuwa mfupa. Wenzetu walikwisha kuliona hilo: mwaka 2001 Bailón-Plaza na van der Meulen waliingiza kemikali zinazoamrisha seli kukua, na mwaka 2008 Liesbet Geris na wenzake wakaingiza kuota kwa mishipa ya damu. Nikaongeza milinganyo hiyo. Shida ni kwamba kila mlinganyo unakuja na namba zake, na nyingi tunaziazima kwa panya na kondoo. Kwa mgonjwa aliyelala kitandani siwezi kuzipima.

Kondoo lakini wametufundisha mengi. Goodship na Kenwright, Uingereza, 1985, waliwafunga kondoo vyuma vya nje. Kundi moja likaachwa limekazwa, jingine vipande vya mfupa vikasukumwa milimita 1 kwa dakika 17 tu kwa siku. Waliosukumwa waliunga vizuri zaidi. Mfupa uliokazwa mno haupati sababu ya kutoa fundo.

Kwa hiyo anayeniuliza tarehe ya kutupa magongo namwambia sina, na anayedai anayo simwamini. Ninachoweza ni kulinganisha njia mbili kwenye mguu ule ule. Daktari mmoja aliniandikia usiku: mfupa wa paja, ufa wa milimita 3, bamba refu; je, ajaze skrubu zote au aache matundu mawili yaliyo karibu na ufa? Nikaziendesha zote mbili hadi alfajiri. Zikijazwa, ufa unanyumbuka chini ya asilimia 2. Yakiachwa wazi, karibu 10. Nikamjibu: acha wazi. Akaacha. Picha ya wiki ya kumi ilionyesha fundo upande ulio mbali na bamba, palepale kompyuta ilipolichora. Ila kompyuta ililitarajia wiki ya sita.