Veurne na Diksmuide: jinsi ya kusoma miji midogo ya Westhoek

Juzi nilikuwa na wageni kwenye uwanja wa soko wa Diksmuide. Mmoja wao, fundi mwashi, alizitazama nyumba za matofali zilizouzunguka uwanja, kuta zake za mbele zikipanda kwa ngazi mpaka kileleni, akasema, "Hizi hazipungui miaka mia nne." Nikamwomba atazame vyuma vyeusi vilivyopachikwa ukutani, vile vinavyoshika boriti za ndani. Huku mafundi walizoea kuvifua kwa umbo la tarakimu za mwaka wa ujenzi. Akasoma taratibu: 1, 9, 2, 3.

Ninaongoza wageni katika Westhoek, pembe ya magharibi kabisa ya Flandria, sehemu ya kaskazini ya Ubelgiji, kati ya mpaka wa Ufaransa na bahari. Ni nchi tambarare ya viazi, ng'ombe wa maziwa, mifereji, na miji midogo ambayo unaizunguka kwa miguu kabla ya adhuhuri. Kutoka Diksmuide ukipanda treni ya kwenda De Panne, baada ya dakika kumi na kitu uko Veurne, na huko kuta za karne ya 17 ni za karne ya 17 kweli. Kilichoitenganisha miji hii miwili ni maji. Asiyejua habari ya maji hayo ataona mapambo ya kuta tu, na atarudi nyumbani na picha nzuri ambazo hajui zinasema nini.

Tuanze Veurne, maana ndiko ninakoanzia mimi. Jengo la manispaa lilijengwa kwa vipande viwili, 1596 na 1612, na ukisimama mbele yake utaona vilele viwili vilivyoungana bila kufanana sawasawa. Kando yake ni Landhuis, makao ya zamani ya utawala wa vijiji vyote vya eneo hili, na nyuma yake mnara wa kengele wa 1628, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na minara mingine ya aina yake. Uangalie mwaka 1612. Mwaka 1609 Hispania na Waholanzi waasi walisimamisha vita kwa miaka 12, na hatimaye mji wa mpakani ukapumua na kujenga. Baadaye zikaja vita vya Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, mji ukazungushiwa ngome, biashara ikadorora. Hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga kwa mtindo mpya, kwa hiyo uwanja ukabaki kama ulivyokuwa.

Usiondoke kabla hujagusa ukuta. Eneo hili halina mawe ya kujengea; lina udongo wa mfinyanzi wenye chokaa nyingi, ambao ukichomwa hutoa tofali la rangi ya manjano. Kwenye kuta kongwe hakuna matofali mawili yanayolingana, kwa sababu kila moja lilitoka kwenye mkono wa mtu. Mimi hupenda kumwacha mgeni hapo kimya kwa dakika kadhaa.

Sasa maji. Oktoba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, jeshi la Ubelgiji lilikuwa limesukumwa na Wajerumani mpaka mto IJzer, na Mfalme Albert I aliweka makao yake makuu katika jengo hilohilo la manispaa ya Veurne. Nyuma ya jeshi kulikuwa na kipande kidogo tu cha nchi, kisha Ufaransa. Karel Cogge, msimamizi wa mifereji ya Veurne, na Hendrik Geeraert, mwendesha mashua wa Nieuwpoort, walijua jambo ambalo maofisa wengi hawakulijua: nyanda hizi ziko chini ya usawa wa bahari iliyojaa.

Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu. Siku zote malango ya maji ya Nieuwpoort hufunguliwa bahari inapokupwa ili maji ya mashambani yatoke, na hufungwa inapojaa ili maji ya chumvi yasiingie. Wao wakapindua utaratibu: fungua maji yakijaa, funga yakianza kupwa. Kabla ya hapo askari walikwisha kuziba makalavati yaliyopita chini ya tuta la reli ya Nieuwpoort na Diksmuide, ili mafuriko yabaki upande wa Wajerumani. Usiku wa Oktoba 29 Geeraert akafungua lango kubwa, na usiku baada ya usiku maji yakaenea polepole. Hayakuhitaji kuwa ya kina kirefu. Matope yalitosha kuzamisha mizinga, na ziwa hilo lilikaa mpaka 1918.

Veurne ilikuwa nyuma ya maji. Ilipigwa makombora, lakini ilibaki imesimama. Diksmuide ilikuwa palepale kwenye mstari. Wajerumani waliiteka Novemba 10, na miaka minne iliyofuata iliifanya kifusi.

Tuta lile la reli leo ni njia ya baiskeli. Ipite, uone kimo cha tuta kilivyo kidogo. Nikiwa na wageni wenye miguu mizuri tunapinda hadi Lo, kijiji chenye hadhi ya mji, chenye lango la enzi za kati na mti mkongwe pembeni yake. Wenyeji husimulia kwamba Julius Caesar alifunga farasi wake hapo.

Turudi Diksmuide. Kuna watu huniambia, wakishaujua mwaka, kwamba basi mji huu ni wa bandia. Nakataa kabisa. Waliorudi kutoka ukimbizini walikuta hata mstari wa barabara umepotea, wakaamua kwamba mji wao ufanane na mji wao. Uamuzi huo nao ni historia, na unastahili kutazamwa kwa heshima ileile unayoipa Veurne.

Uwanjani kuna sanamu ya Jenerali Jacques, aliyeulinda mji mwaka 1914 na baadaye kupewa jina la heshima "de Dixmude". Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, na hapa siwezi kupita haraka. Mtu huyuhuyu, miaka ya mwanzo ya 1890, aliongoza msafara ng'ambo ya ziwa letu, akaanzisha Albertville, ambayo leo ni Kalemie, na kupigana na watu wa Rumaliza wa Ujiji, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Msafara ulitumwa kupinga biashara ya watumwa. Lakini mwaka 1895, akiwa ofisa wa Mfalme Leopold II huko Kongo, upande wa Inongo, aliandika barua akiagiza kwamba wanaokata mitambaa ya mpira wapigwe mpaka watii kabisa au waangamizwe. Mama mmoja mwenye asili ya Kalemie niliyempeleka hapo alisoma jina, akaniomba nirudie habari ya barua mara mbili, kisha akaketi kwenye benchi akiwa ameipa sanamu mgongo. Tangu siku ile nawaeleza wageni wote mambo yote mawili, hata wasiouliza.

Ukibakiwa na siku moja, nenda Poperinge, ambako askari wa Uingereza walipumzika kutoka mapigano ya Ieper. Talbot House, nyumba waliyofunguliwa Desemba 1915 ili waketi bila kujali vyeo, bado inapokea wageni, na unaweza kulala humo. Reli inaishia hapo. Treni za kurudi hupitia Ieper na Kortrijk.