Onkojeni: jeni njema iliyokosa zamu

Mama mdogo wangu wa Kibosho aliniuliza jeni ya saratani huingilia wapi mwilini. Haiingii. Tunazaliwa nayo sote, na bila hiyo mtoto asingekua. Huitwa onkojeni pale tu udhibiti wake unapoharibika.

Chukua jeni ya MYC. Protini yake huchochea unukuzi, yaani hatua ambayo seli husoma jeni kwenye DNA na kutoa nakala ya RNA, yenye maagizo ya kutengenezea protini. Huungana na mwenzake MAX, wakashika DNA penye herufi CACGTG, kisha huita vimeng'enya vinavyolegeza DNA iliyokunjwa ili isomwe kwa kasi. Jeni zinazoamshwa hivyo ni nyingi mno: za kujenga ribosomu (mitambo ya seli ya kutengenezea protini), za kutumia sukari, za kugawa seli.

Wenye vihamba, yaani mashamba ya migomba, Kilimanjaro watanielewa nikisema MYC ndiye anayefungulia mfongo, mfereji wa kumwagilia. Maji yana zamu; ukishamwagilia migomba yako, unaziba. Seli yenye afya nayo huziba: nusu ya protini ya MYC iliyopo huvunjwa ndani ya kama nusu saa.

Kwenye limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na wagonjwa wa Uganda, mara nyingi kipande cha kromosomu namba 8 chenye MYC hukatika na kuungwa kwenye namba 14, ubavuni mwa jeni ya kingamwili. Katika seli B, ambazo kazi yao ni kingamwili, eneo hilo halifungwi. Hilo hunigusa kila ninapolieleza: kazi ya MYC ni ileile, kilichopotea ni zamu. Seli huamriwa ikue, igawanyike, ikue tena, na uvimbe wa taya huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

MYC peke yake haitoshi, kwani seli inayosukumwa kupita kiasi kwa kawaida hujiua. Mpaka ulinzi huo nao uharibike, mathalani kwa hitilafu kwenye jeni ya TP53, ndipo seli iliyogeuka huendelea kuishi.

Mama mdogo akauliza kama wajukuu watarithi saratani hiyo. Hapana. Mkatiko huo hutokea ndani ya seli B moja ya mtoto mwenyewe, si kwenye mbegu ya baba wala yai la mama.