Kipandikizi Kikitoka, Kifuko Chake Kifanyweje?

Mwanamke anayekuja kliniki kuomba vipandikizi vya matiti vitolewe huwa amelifikiria jambo hilo kwa miezi mingi, na mara nyingi huanza kwa kusema, "Daktari, toa kila kitu." Ombi hilo ninaliheshimu, lakini kabla ya kupanga tarehe ninamwuliza kila kitu ni kipi, kwa sababu hapo ndipo ulipo uamuzi mzito kuliko yote.

Tangu vipandikizi vya kwanza vya silikoni vilipowekwa Houston, Marekani, mwaka 1962, mwili umekuwa ukivifanyia jambo lile lile: hukizungushia kila kipandikizi tishu ya kovu, kiwe cha jeli ya silikoni au cha maji ya chumvi. Kovu hilo tunaliita kifuko. Kwa wanawake wengi ni chembamba kama ule utando ulio chini ya ganda la yai la kuchemsha, na nikikiinua kwa koleo mwanga wa taa hupenya. Kwa wengine kinakuwa kinene na kusinyaa hadi titi linakuwa gumu, linapoteza umbo na kuuma, na baada ya miaka mingi kalsiamu huweza kujijenga humo hadi kifuko kikakwaruza kinapoguswa na mkasi.

Kubanwa na kovu namna hiyo ni mojawapo ya sababu kubwa za kutoa vipandikizi, na kupasuka ni nyingine. Cha maji ya chumvi kikipasuka titi hunywea na mwenyewe huliona, lakini cha jeli huweza kupasuka kimya kimya, kwa kuwa jeli hubaki ndani ya kifuko. Ndiyo maana FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inapendekeza wenye vipandikizi vya jeli wapigwe picha ya altrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekewa, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3, hata kama hawana dalili yoyote.

Sasa turudi kwenye kifuko. Kikiwa chembamba na hakina ugonjwa, ninaweza kukiacha, kwani hakimdhuru mgonjwa na upasuaji unakuwa mdogo. Kikiwa kinene, kina kalsiamu au kimelowa jeli iliyovuja, ninakitoa. Njia ya kukitoa pamoja na kipandikizi bila kukifungua, ambayo wagonjwa wengi husoma habari zake mtandaoni, ina mahali pake hasa, nako ni kwenye saratani adimu ya limfu inayoota ndani ya kifuko. Saratani hiyo imehusishwa zaidi na vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza, na Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya BIOCELL kwa sababu hiyo. FDA haikuwashauri wanawake wasio na dalili kuvitoa. Dalili ninayoihofia ni titi moja kuvimba kwa majimaji miaka kadhaa baada ya upasuaji. Majimaji hayo yavutwe kwa sindano na kupimwa maabara kabla mtu yeyote hajashika kisu.

Hatari ya kung'oa kifuko kizima pasipo sababu ni ya kweli. Kipandikizi kikiwa chini ya msuli wa kifua, ukuta wa nyuma wa kifuko hugandamana na mbavu, na kati ya ubavu na ubavu kuna tishu nyembamba tu kabla ya kulifikia pafu. Nikiona kifuko hakiachii, ninaacha kipande, na jambo hilo ninamweleza mgonjwa mapema.

Wapo wanaokuja kwa uchovu, maumivu ya viungo na usahaulifu. Hakuna kipimo kinachothibitisha kwamba chanzo ni kipandikizi, lakini ninawaamini, na wengi wao husema wamepata nafuu baada ya kutolewa. Tafiti hazijaonyesha kwamba anayetolewa kifuko kizima hupata nafuu kuliko anayeachiwa.

Swali la umbo hujibiwa mbele ya kioo. Ngozi ikiwa imelegea, titi linaweza kuinuliwa katika upasuaji huo huo, ingawa kwa mvutaji sigara ninaahirisha, maana damu inayofika kwenye chuchu huwa haba. Mafuta ya tumboni yanaweza kuhamishiwa kwenye titi, japo sehemu yake hufyonzwa. Wengine huchagua vipandikizi vipya, na wengine huacha titi lilivyo. Mwenye vipandikizi vya maji ya chumvi akisitasita, ninaweza kumtoa maji hayo kwa sindano na ganzi wiki kadhaa kabla. Ngozi hujirudi kiasi, naye hujiona alivyo kabla ya kuamua kama anataka kuinuliwa.

Siku ya upasuaji vipande vya kifuko hupelekwa maabara, na namba iliyochapwa kwenye kipandikizi huandikwa kwenye faili. Nakala ya majibu hayo na namba hiyo ni haki ya mgonjwa, na ninampa mkononi siku anapokuja kutolewa nyuzi.