Je, wajua kwa nini Marekani jeshi la nchi kavu na la anga wanakaa kambi moja?

Kusini kidogo ya mji wa Tacoma, jimbo la Washington kule Marekani, kuna kambi inaitwa Joint Base Lewis-McChord. Lewis ni upande wa jeshi la nchi kavu, McChord ni wa jeshi la anga. Sasa watu wanajiuliza, hawa jamaa hela ya ulinzi wanayo kuliko nchi yoyote duniani, wanabanana kambi moja kwa nini?

Ni bajeti tu, wala usitafute siri nyingine. Ila historia yake ina vituko.

Lewis ilianza 1917, Marekani ikiingia Vita Kuu ya Kwanza, na wananchi wa pale kaunti ya Pierce, ndiyo wilaya yenye Tacoma, wenyewe ndo walipiga kura wakakubali kukopa hela, wakanunua ardhi kama ekari 70,000 hivi, wakaipa serikali bure ili kambi ijengwe kwao. Bure! Walijua askari wakija na biashara inakuja. McChord ikafunguliwa jirani mwaka 1940, ikapewa jina la Kanali William McChord aliyekufa kwa ajali ya ndege 1937, na kipindi hicho hakukuwa na jeshi la anga linalojitegemea, marubani, ukitoa wale wa majini, walikuwa chini ya jeshi la nchi kavu. Walitenganishwa 1947. Yaani walianza pamoja, wakaachana, halafu kila mmoja akawa na zimamoto yake, mafundi wake wa maji na umeme, ofisi yake ya nyumba, na wote wanalipwa na serikali ile ile.

Ndo mwaka 2005, kwenye zoezi la kupunguza na kupanga upya kambi, ikaamuliwa kambi 26 zinazopakana au kukaribiana ziunganishwe zibaki 12. Lewis na McChord wakaungana 2010.

Ila elewa hapa, kilichounganishwa siyo mapigano. Kanali wa nchi kavu ndo msimamizi, naibu wake anatoka anga, na kazi yao ni majengo, barabara, umeme, mageti, mpaka takataka. Ndege kubwa za mizigo za C-17 zilizopo McChord zina makamanda wao na huyo kanali haziamrishi, ni kama mwenye nyumba, bomba lako likivuja atakuja kuziba lakini hakupangii upike nini.

Kuna wanaosema ujirani unasaidia vitani, na ni kweli, C-17 moja inabeba tani 77 hivi au askari 102 wa miavuli, na askari wenyewe wako hapo hapo. Lakini mimi naona faida hiyo ilikuwepo hata kabla ya kuungana, uwanja haukusogea.

Na siyo kila mahali nchi kavu ndo bosi. Jimbo la Alaska, kwenye kambi ya pamoja ya Elmendorf-Richardson, anayesimamia ni jeshi la anga.

Hela je, iliokolewa? Mwanzoni walipiga hesabu kwamba kambi zote 12 zitaokoa dola bilioni 2.3 kwa miaka 20. Kufika 2012 wakaguzi wa serikali wanaangalia, makadirio yameshuka mpaka milioni 249, karibu asilimia 90 imeyeyuka. Sababu mojawapo ni kwamba walipokaa pamoja ilibidi wapange viwango vya huduma vya kufuatwa na wote, na kuvifikia hivyo viwango kukaongeza gharama.