Je, wajua kwa nini neno la Kiingereza hukaa kichwani likiwa ndani ya sentensi?

Soja, yaani mlinzi, wa ploti yetu hapa Kayole ana daftari la kurasa 96. Kila ukurasa ameupiga mstari katikati: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake kwa Kiswahili. Hukariri usiku, geti likishafungwa. Juzi alinipokea meno nje: "My girlfriend has admitted!" Nikamuuliza amekiri kuiba nini. Kumbe alikuwa amemposa, na msichana amekubali.

Daftari halikumdanganya. Limeandikwa "admit: kubali", na hilo si kosa. Tatizo ni kwamba kitenzi chetu hiki kimoja kinafanya kazi ambayo Waingereza wamewagawia watatu. Mwizi akibanwa akasema ni yeye, hiyo ni "admit". Ukiletewa zawadi ukaipokea, ni "accept". Mkielewana bei na muuza mitumba wa Gikomba, ni "agree". Sasa soma hii: "He admitted that he had stolen the phone." Simu iliyoibwa inakuonyesha wazi kwamba neno hili hutembea na makosa. Na ile "that" inayolifuata umeipata bure, bila kufundishwa sarufi.

Hiyo ya bure ndiyo tamu zaidi. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno linayoandamana nayo. Sisi tunalijua hilo bila kulisomea. Mgeni aliyekariri kwamba kupiga ni kuchapa mtu, atafanyaje akiambiwa apige pasi, apige deki, kisha apige simu? Kiingereza nacho kina mambo yake. Mvua ikinyesha kubwa, wao husema ni nzito, "heavy rain". Ukisema "big rain" utaeleweka, ila msikilizaji atajua umetafsiri. Jambo kama hilo hulikisii. Unalijua kwa kukutana nalo.

Halafu kuna suala la kumbukumbu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye kitabu chake kuhusu kumbukumbu kilitoka mwaka 1885, alijifanyia majaribio yeye mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha akakariri beti za shairi la Mwingereza Byron. Ubeti wenye silabi kama 80 aliushika baada ya kuusoma mara 9 hivi. Silabi tupu za idadi hiyo, alikadiria zingemtaka azirudie mara 70 hadi 80! Ni kweli shairi lina vina na mizani ya kumsaidia mtu, lakini lina maana pia, na maana huvutana. Neno lililoachwa peke yake kwenye safu ya daftari halina tofauti kubwa na silabi tupu.

Ila si kila sentensi inafaa. "She was reluctant." Haya, umejifunza nini? Huenda dada huyo ni mrefu, mgonjwa au tajiri. Jaribu hii: "She was reluctant to board the matatu because the driver smelled of beer." Hata kama hujawahi kuliona neno hilo, unamwona amesimama mlangoni, mguu mmoja chini, anasitasita. Sababu ndiyo imefichua maana. Ndiyo maana mimi hupenda mifano yenye "because" au "but" ndani yake. Ile mifupi ya maneno matatu, nadhani ilitungwa kwa kuhurumia chaki.

Bora zaidi utunge yako, kutokana na mambo ya siku hiyo, kisha usiikariri usiku mmoja ukamaliza. Funika neno kwa kidole, usome sentensi, ujaribu kulirudisha. Rudia kesho, na tena wiki ijayo. Ukilikosa, fungua uone. Kule kuhangaika kulitafuta kunalishikisha kuliko kulitazama mara kumi.

Soja ameacha kupiga mstari katikati. Jana alinionyesha ukurasa mpya: "The tenant in number 7 admitted that he lost the gate key, but he did not accept to pay." Ile "admitted" imekaa sawasawa. Kwa "accept" tulibishana kidogo, maana pale palihitaji "agree", lakini geti likagongwa akaenda kufungua.