Je, soko huria ndilo lililoua uaminifu?

Ukikaa kijiweni Kibaigwa, kwenye soko la mahindi mkoani Dodoma, Tanzania, msimu wa mavuno, hukosi kusikia kwamba uaminifu ulikufa siku biashara ilipoachiwa huru. Kwamba mtu akiachwa apange bei mwenyewe, lazima atadhulumu.

Wengi wanaosema hivyo wamewahi kupunjwa. Lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, ipo. Ila tukirudi nyuma kidogo: mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei zikipangwa na serikali, sukari na sabuni zilifichwa chini ya kaunta, na mwaka 1983 ikaendeshwa vita dhidi ya walanguzi. Mageuzi ya soko yalishika kasi baadaye, kuanzia 1986. Tamaa ilikuwepo tayari. Tena biashara huria yenyewe hutegemea sana neno la mtu: mchuuzi huchukua mzigo kwa mali kauli, yaani auze kwanza alipe baadaye, bila karatasi, na akidhulumu mara moja, msimu ujao hapewi. (Uhuru peke yake haumfanyi mtu awe mwema, hilo nalikubali.)

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Lipandishe kwenye mzani wenye stika ya uhakiki ya mwaka huu. Ulizia bei kwa madalali watatu. Kisha waulize wazee waliopanga foleni ya sukari.